Mwalimu, binti yangu ananakili majibu ya akili bandia. Tumnunulie laptop au tumnyang'anye simu?

SWALI

Habari za kazi, Mwalimu. Nina duka dogo la rejareja hapa Malaba, upande wa Uganda, na pia ni wakala wa mobile money. Binti yangu ana miaka 15, yuko S.3, yaani kidato cha tatu, katika shule ya bweni. Kila likizo anarudi na mradi wa shule, kisha anakesha na simu yangu. Juzi nilichungulia nikaona anaiuliza akili bandia swali zima la mwalimu wake, jibu linakuja, naye analinakili kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Nilipomuuliza akasema wote wanafanya hivyo. Baba yake ni dereva wa trela, yuko njiani muda mwingi. Ameweka kando shilingi 1,200,000 na anataka kumnunulia laptop ya mtumba akipita Nairobi. Shemeji yangu anasema tutampoteza mtoto, kwamba mambo hayo ni kubeti na picha mbaya, na tena mtoto wa kike na kompyuta wapi na wapi. Je, anachofanya ni wizi? Laptop tununue? Na simu nimpe au nimnyime?

JIBU

Pole kwa kazi, mama. Simu umeiuliza mwisho, lakini nitaanza nayo kwa sababu ndiyo inayoweza kukutia hasara wiki hii hii.

Hukusema kama simu anayokesha nayo ndiyo yenye laini ya uwakala. Mawakala wengi wana simu moja ya kila kitu: floti (ile pesa ya kuhudumia wateja), WhatsApp ya ukoo, picha za harusi na miziki. Kama na wewe ni hivyo, shida yako ya kwanza si kunakili. Kila usiku unamkabidhi mtoto wa miaka 15 mtaji wa duka, pamoja na PIN ambayo amekuona ukiibonyeza mbele yake tangu yuko shule ya msingi. Simsemi binti yako vibaya. Nasema simu haijui ni nani ameishika.

Hapo shemeji yako ana hoja, tena nzito. Sheria ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza mtu yeyote wa chini ya miaka 25 kubeti hapa Uganda. Lakini laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Mwenye kampuni ya kubeti akitazama kwenye mashine zake anaona mama mtu mzima wa Malaba, haoni mwanafunzi wa S.3. Pesa inatoka kwenye mobile money, ujumbe wa uthibitisho unafutwa, na wewe jioni unapiga hesabu ya floti haifiki. Programu za mikopo ya haraka nazo ni vivyo hivyo: mkopo unaingia kwa jina lako na wanaokudai wanakupigia wewe.

Dawa yake haihitaji laptop. Hamishia laini ya uwakala kwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe. Menyu ya *165# ya MTN na ile ya *185# ya Airtel haitaki intaneti, na katochi ukiichaji leo umeme ukipotea kesho bado unafanya kazi. Badilisha PIN siku hiyo hiyo. Simu ya tachi ibaki ya nyumbani, bila laini ya pesa ndani. Kama ni Android inayoruhusu, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya watumiaji, umfungulie binti akaunti yake, asikutane na ujumbe wako na wewe usilazimike kuchungulia. WhatsApp yako iwekee namba ya siri ya hatua ya pili, maana wezi wa akaunti huanza kwa kumwomba mtu, mara nyingi mtoto, awasomee zile tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe mfupi. Usiku simu ilale chumbani kwako.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukuliona ulipochungulia. Angalia kama simu ina VPN ya bure, yaani programu inayopitisha intaneti yako njia ya pembeni ili kukwepa kizuizi. Tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, watu wengi nchini wamejifunza kuzunguka kwa VPN, na vijana ndio wanaowawekea wazazi. Mwenye VPN ndiye anayepitishiwa mawasiliano yako yote, na yule wa bure huwa humjui ni nani wala anakula wapi. Kuingia Facebook au kutoingia ni uamuzi wako na sitauingilia. Ila programu ya namna hiyo isikae kwenye simu inayopitisha pesa za wateja.

Sasa wizi.

Kunakili jibu zima na kuweka jina lako juu yake ni udanganyifu, na mwambie hivyo bila kuzungusha. Ila lawama usimpe yote. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka mwanafunzi atoke, aangalie, aulize watu, atengeneze kitu, kisha aeleze alichokiona. Ndiyo maana asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha S.4, zinatokana na kazi anazofanya akiwa shuleni, miradi ikiwemo, na 80 mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Wazo ni zuri. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika hana muda wa kubuni swali la kila mtoto, basi anaandika ubaoni, "Eleza visababishi vya uchafuzi wa mazingira na utoe mapendekezo." Swali kama hilo linajibika kutoka Malaba, Mumbai au Manchester, kwa maneno yale yale. Mashine inalijibu vizuri kwa sababu limeshajibiwa mara nyingi mno, na yenyewe imelishwa majibu hayo yote.

Ni vizuri wewe mwenyewe uelewe kinachotokea humo ndani, maana mtoto akisema "kompyuta imesema" utahitaji la kumjibu. Akili bandia za namna ya ChatGPT, ambayo ilitoka mwishoni mwa Novemba 2022, zimepitishwa kwenye maandishi mengi kupita kiasi, zikajifunza kukisia neno gani hufuata neno gani. Haziendi popote kuangalia Malaba. Hazijawahi kuona foleni ya matrela inayokwenda hadi nje ya mji. Ukiziuliza juu ya jambo lililoandikwa kwa wingi, kama usanisinuru, kisio huwa karibu na ukweli. Ukiziuliza juu ya mtaa wenu, ambao hakuna aliyeuandika, zinakisia vile vile na kwa sauti ile ile ya kujiamini. Fanyeni jaribio hili mkiwa pamoja jioni: binti aiulize ieleze soko lenu, siku zake, bidhaa zake, na barabara inayopita hapo. Ninyi mmezaliwa hapo, mtaona wenyewe palipo sawa na palipobuniwa. Nimeona wanafunzi wakipata somo kwa jaribio hilo moja kuliko kwa hotuba zangu zote, maana kijana hapendi kudanganywa na kitu alichokiamini mbele ya mama yake.

Usitegemee kwamba shule itamgundua kwa programu ya kukagua. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa na kifaa chake cha kutambua maandishi ya mashine, ikakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Kama waliokitengeneza walishindwa, mimi na mwalimu wa binti yako tutawezaje? Chombo kinachofanya kazi ni mdomo. "Nieleze ulichoandika." Hilo unaliweza wewe bila kusoma kompyuta. Akimaliza kazi, daftari lifungwe, akueleze mkiwa mnamenya viazi, kwa lugha ya nyumbani, iwe Kidhopadhola, Kiteso au hiki Kiswahili chetu cha mpakani. Akiweza, kazi ni yake, hata kama mashine ilimsaidia kidogo. Akibabaika, arudi mezani.

Mkumbuke pia, mama, kwamba mtoto huyu ni wa kizazi kilichofungiwa nyumbani. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Alikuwa mdogo wa shule ya msingi, umri ambao mtoto anajifunza kutunga aya yake mwenyewe na kukosea na kusahihishwa. Sisi walimu wa sekondari tunaliona pengo hilo kila siku kwenye madaftari: wanaojua jibu kichwani lakini hawajui sentensi ya kwanza ianze vipi. Wengi wao hawanakili kwa uvivu. Wananakili kwa sababu ukurasa mtupu unawatisha. Kwa hiyo kanuni ninayowapa wangu darasani ni kwamba mashine inaingia baada, haiingii kabla. Andika kwanza mwenyewe, vibaya hivyo hivyo. Halafu iulize, "Nimekosea wapi?" au "Niulize maswali matano juu ya somo hili." Na mwishoni mwa kazi uandike mstari mmoja unaosema uliitumia kwa lipi. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Kwa hiyo hiyo ruhusa ni yako kuitoa au kuizuia, na tangu Septemba 2025 mzazi anaweza kuunganisha akaunti yake na ya mtoto na kuweka mipaka ya saa.

Lakini kukataza na kuruhusu peke yake hakutoshi. Mpe kazi ambayo mashine haina habari nayo. Na wewe kazi hiyo unayo, iko chini ya kaunta.

Daftari lako la duka. Sukari, sabuni, mafuta, madeni, floti ya asubuhi, floti ya jioni, kamisheni. Hakuna mashine duniani iliyolisoma daftari hilo. Mwambie binti achukue miezi mitatu ya nyuma aiingize kwenye jedwali la hesabu. Programu za majedwali ziko bure hata kwenye simu, na ukishaipakua Google Sheets unaweza kuiwekea faili lifunguke bila intaneti. Mstari mmoja kwa kila siku: tarehe, mauzo, pesa zilizowekwa, pesa zilizotolewa, floti iliyobaki, na kama floti iliisha kabla ya kufunga. Itamchukua jioni nyingi na atalalamika. Mwache alalamike.

Baada ya hapo ndipo maswali yanaanza, na haya ni maswali ya kweli. Floti yako huisha siku gani? Ni siku ya soko, au mwisho wa mwezi watu wanapolipwa, au wiki ya kufungua shule wazazi wanapohangaika na ada? Foleni ya matrela ikiwa ndefu, mauzo ya maji na mkate yanapanda au madereva wanalala ndani ya magari wasitoke? Wewe una majibu yako kichwani baada ya miaka yote hiyo dukani. Binti achore grafu tuone kama daftari linakubaliana na wewe. Pasipokubaliana ndipo penye mradi. Mwalimu wake hajawahi kusahihisha kazi kama hiyo, na hawezi kuikuta kwa jirani wa dawati.

Akili bandia sasa mpe ruhusa ya wazi. Aiulize fomyula ya kujumlisha mauzo ya Jumatatu zote, aiulize namna ya kuchora grafu ya mistari. Ikimpa fomyula yenye kosa, jumla itakataa kulingana na daftari lako na kikokotoo chako, na hapo atalazimika kutafuta kosa liko wapi: kwenye fomyula, kwenye vidole vyake, au kwenye mwandiko wako. Kompyuta ninayofundisha mimi ni hiyo. Kuandika barua na kuipamba kwa rangi kunajifunzwa kwa wiki moja. Kukagua kama kilichotoka kinafanana na kilichoingia kunachukua miaka, na wenye ofisi wanalipa mtu anayeiweza kazi hiyo.

Sharti moja hapo halina mjadala: majina na namba za simu za wateja hazitoki kwenye daftari. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu hata wewe mwenye kaunta ya mbao, na hata bila sheria, mteja aliyekuja kutoa pesa hakukubali jina lake liende shuleni. Badala ya jina aandike mteja 1, mteja 2. Na asipige picha ukurasa wa daftari akaipandisha kwenye akili bandia, kwa sababu hapo majina yote yameondoka kwa mkupuo.

Kama daftari litamchosha, kuna njia nyingine. Pale Makerere kuna mradi unaoitwa AirQo ulioanza 2015. Wametengeneza humu humu nchini vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu, vingine wakavifunga kwenye boda boda, na vipimo vyao viko wazi mtandaoni kwa yeyote. Ninyi mnaishi kwenye njia kuu ya matrela, mna viwanda vya saruji Tororo. Mtoto akitaka kuandika juu ya uchafuzi wa mazingira, aandike vumbi la kwao na namba zake.

Shemeji nimeshampa haki yake kwenye kubeti. Kwenye picha mbaya pia hakosei, na akaunti tofauti, kichujio cha utafutaji cha Google na simu kulala kwako vitapunguza sehemu kubwa, iliyobaki ni mazungumzo yako na binti, ambayo shemeji hawezi kukusaidia. Ila kwenye la mtoto wa kike amepitwa na wakati, tena kwa mbali. Mtandao wa wanawake wa Uganda wa mambo ya teknolojia, WOUGNET, ulianzishwa mwaka 2000, kabla binti yako hajazaliwa. Mwanzilishi wake, Dkt. Dorothy Okello, ni mhandisi wa Makerere na ndiye mwanamke wa kwanza kuwa rais wa taasisi ya wahandisi ya nchi hii. Mwambie hilo kwa upole, akiwa amekula.

Tuje kwenye laptop. Ushauri wangu ni mnunue, lakini si safari hii, na isiwe ya binti.

Piga hesabu kidogo. Yuko bweni. Ulizeni kwanza kama shule inaruhusu laptop. Nyingi haziruhusu, na zile zinazoruhusu huzifungia kabatini. Kama hairuhusu, mashine ya 1,200,000 itatumika likizo tatu tu kwa mwaka na muda uliobaki italala sandukuni betri ikizeeka. Wakati huo huo shule nyingi za serikali zina chumba cha kompyuta, vingi vikiwa vimewekwa na Tume ya Mawasiliano, UCC, kupitia mfuko wake wa mawasiliano ya vijijini, na vyumba hivyo hushinda vimefungwa kufuli kwa kuogopa vitu kuharibika. Siku ya wazazi ulizeni kinafunguliwa lini. Swali la mzazi linafungua kufuli ambalo la mwalimu halifungui, hilo nakuambia kutoka ndani.

Likizo hii basi ni ya simu na daftari. Akilimaliza bila kusukumwa kila jioni, nunueni kabla ya ile likizo ndefu ya baada ya mtihani wa S.4, ambayo vijana wengi huipoteza. Hapo mashine itakuwa na kazi ya miezi mfululizo, na akienda S.5 kisha akapangiwa Sub ICT, lile somo dogo la kompyuta, badala ya Sub Math, la hisabati, haitakuwa mara yake ya kwanza kugusa kibodi. Na iandikwe ya nyumba: asubuhi hesabu za duka, jioni za binti, wadogo zake Jumamosi. Kifaa cha mtu mmoja huingia chumbani kikafungiwa mlango. Kifaa cha nyumba hukaa mezani watu wakipita.

Kwa bajeti yenu ndogo usidanganywe na kitu kipya chenye rangi nzuri. Laptop mpya za bei ya chini mara nyingi zina kumbukumbu ndogo na diski ndogo, na zinachoka mapema. Tafuteni mtumba uliotoka maofisini: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad. Zimejengwa kwa ajili ya kazi na fundi anazifahamu. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8, diski iwe SSD, aina isiyozunguka, ya GB 256. Diski ya zamani ya kuzunguka itawafanya mngoje mpaka mkate tamaa.

Jambo linalowaliza watu wengi sasa ni kizazi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kuendelea. Baada ya tarehe hiyo ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zimetupa mashine za kizazi cha 6 na cha 7, nazo zinaishia kwenye masoko yetu. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, nunua. i5-6300U ni kizazi cha 6. Muuzaji atakuonyesha kwamba ina Windows 11 na inawaka, na kweli inawaka, kwa sababu inawezekana kuilazimisha, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba masasisho ya usalama yataendelea kufika. Mashine hiyo ya kizazi cha 6 si takataka. Ikiwekwa Linux Mint au Ubuntu badala ya Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kufanyia majedwali, vyote bure, itafanya kazi za shule na duka kwa miaka. Ila basi bei yake ishuke, msilipe bei ya kizazi cha 8.

Umeme usiwatishe. Chaja ya laptop za namna hii ni wati 65 kwa kawaida. Hata ikivuta zote bila kupumzika, saa nne ni kama robo ya uniti kwenye Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na kwa kawaida haivuti zote.

Kinachokula pesa ni bando. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018 iliondolewa, lakini Julai 2021 nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data, juu ya VAT ya 18. Laptop ya Windows ikiunganishwa na simu inadhani iko kwenye intaneti ya bure, inaanza kujisasisha na bando lako la wiki linaisha kabla chai haijapoa. Siku ya kwanza kabisa ingieni kwenye mipangilio ya mtandao mweke alama kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo.

Kisha mjaze mashine vitu visivyohitaji intaneti. Kiwix inabeba Wikipedia nzima kwenye diski. Kolibri ina masomo na video za kufanyia mazoezi. Scratch ya kujifunza kutengeneza programu inafanya kazi bila mtandao, na ina menyu za Kiswahili. Vitu hivyo ni vizito, vipakuliwe mara moja mahali penye Wi-Fi au viletwe na mtu kwenye flashi. Sisemi hivi kwa ajili ya kubana matumizi tu. Unakumbuka uchaguzi wa Februari 2016, mobile money ilipofungwa pamoja na mitandao ya kijamii na mawakala mkabaki mnatazamana? Na Januari 2021 intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Mtoto ambaye kila anachojua kiko ndani ya akili bandia, siku hiyo hana anachojua.

Kuhusu Nairobi sina pingamizi, na kwa baba yake kuna faida moja: anapita tena. Laptop inayoharibika baada ya wiki mbili inarudi dukani kwa lori lile lile. Anunue kwenye duka lenye mlango na anwani, risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa kurudisha, na aulize maofisa wa mpakani mapema kama kuna cha kulipia. Asinunue kwa mtu wa barabarani hata kwa nusu bei, maana mashine za wizi mara nyingi zina nywila ya kampuni ndani ambayo fundi wa kawaida haivunji.

Akiwa dukani, kabla ya kulipa, aizime na kuiwasha mwenyewe aone kama inaomba nywila asiyopewa. Abonyeze kila kitufe cha kibodi. Kisha afungue dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika powercfg /batteryreport. Mashine itatoa ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, ahesabu bei ya betri nyingine ndani ya maelewano. Apige picha ripoti hiyo, na picha ya ukurasa unaoonyesha jina la prosesa, awatumie WhatsApp kabla ya kutoa hata shilingi. Binti ndiye azisome hizo namba, ampigie baba yake, amwambie achukue au aache, na amweleze kwa nini.